Sauti ya Nyuma ya Shuka

Mjukuu wangu ana simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu hiyo anaishi mama mmoja wa Kijapani. Si kijana tena. Amevaa gauni jekundu, shingo imeanza kukunjamana, anaimba wimbo wa kufungulia katuni ya watoto wanaoruka angani. Mbele yake watu wamejaa kama kwenye uwanja wa mpira, kila mmoja anapunga kijitaa, na wanaume wazima wanafuta machozi.

"Koko, angalia," mjukuu akaniambia. "Huyu njo anaimbaka ule wimbo wa mwanzo. Alianza kuuimba mama akingali mutoto. Kila fasi anaenda, batu banamuomba ule tu."

"Na banamuona uso?"

Akacheka. "Sasa koko, bamuone nini ingine?"

Nilimrudishia simu yake nikaenda jikoni kutwanga sombe, majani ya muhogo, ambayo ilikwisha kutwangwa. Wivu ulinishika, nasema kweli. Mwanamke wa watu hajanikosea kitu, anaimba katuni zake huko kwao, na mimi bibi kizee wa Goma namwonea wivu. Wala si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya dada yangu, ambaye hana habari kwa sababu yuko chini ya ardhi ya Masisi.

Sisi tulikuwa na katuni yetu kabla ya hao Wajapani, ingawa hapa nyumbani hakuna anayeniamini. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakingali hapa. Baba alikuwa seremala wa misioni. Tulitoka Rutshuru tukaja kukaa Goma, mtaa wa Mapendo, kwenye nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, mahali ambapo ukitaka kupanda hata kitunguu unaanza kwa kutafuta udongo. Padiri wa parokia alikuwa mtu mrefu, ndevu zake njano kwa tumbaku. Mapadiri wenzake wa mbali walimletea mashine ya sinema pamoja na mikanda michache ya michoro inayotembea. Ndani ya michoro hiyo kulikuwa na Nungunungu mwenye tumbo kubwa, ambaye kila mara anakwenda kuiba viazi vya watu na kila mara anapata mkosi mpya. Mikanda ilikuwa bubu. Katekista alisimama kando akieleza kwa Kiswahili, lakini watoto walikwisha kucheka kabla hajamaliza sentensi, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Padiri akaona panatakiwa wimbo wa kufungulia, ili watu wajue inaanza na wanyamaze. Akaiomba kwaya. Kwaya ikaimba vile inavyoimba kwenye mazishi. Watoto wadogo wakaanza kulia, na mzee mmoja akavua kofia.

Dada yangu alikuwa kwenye kwaya hiyo, mstari wa nyuma. Masera aliyewafundisha, mtawa wa misioni, alikuwa akimwambia kila Jumapili apunguze, apunguze, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito na kavu, yenye mkwaruzo mwanzoni kama mlango wa mbao unaofunguliwa asubuhi. Haikuchanganyika na za wengine. Basi siku moja, tukiwa nyumbani tunachambua maharagi, alijitungia wimbo wake mwenyewe, akiuimba huku anatupa vijiwe pembeni:

Nungunungu anakuya,
funga mbwa, funga mbuzi,
anabeba mishale mingi
na upinde hana.

Baba aliacha kula. Akamwambia auimbe tena, kisha tena, halafu asubuhi akaenda kumwambia padiri.

Mama hakutaka. Binti aliyekwisha kuota matiti asimame mbele ya wanaume, usiku, aimbe habari za nungunungu? Ukimwonyesha hivyo, nani atakuja kumposa? Padiri naye hakupenda msichana aangaliwe na wanaume waliokwisha kunywa. Wakakubaliana, hao wawili ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu kingine: aimbe, lakini asionekane. Akae nyuma ya shuka ya sinema. Na mimi nikae naye, niwe mlinzi wake, mimi mwenye makamasi na magoti yaliyochubuliwa na mawe.

Kwa hiyo sinema yote nimeiona kutoka nyuma. Baba alikuwa amesimamisha nguzo mbili kwenye uwanja wa misioni, akazikaza kwa mawe kwa sababu huku kwetu huwezi kuchimba shimo, na shuka ikafungwa katikati. Watu wa mbele walimwona Nungunungu akitokea upande wa kulia. Sisi tulimwona akitokea kushoto. Mashine ya umeme inanguruma, padiri anakohoa, taa inawaka, na hapo dada anavuta pumzi. Nilikuwa nikiisikia ile pumzi, maana nilikuwa nimemwegemea mbavuni. Halafu sauti inatoka, na upande ule wa pili wa shuka watu wote, hata walevi, wananyamaza.

Mwaka haujaisha, wimbo ukawa wa kila mtu. Watoto waliuimba wakiteka maji ziwani. Akina mama waliwatishia nao watoto wasiotaka kulala. Wanaume waliokuwa wakipakia kahawa kwenye kamioni waliuimba ili kubeba kwa pamoja, wakauongezea maneno ambayo mama alituziba masikio tusiyasikie. Watu walianza kutoka Gisenyi na Sake kuja kuangalia, na ukiwauliza wamekuja kuona nini, hawasemi sinema. Wanasema wamekuja kusikia sauti.

Na kwa kuwa hawakumwona, walimtunga. Wengine walisema ni mashine inayoimba yenyewe. Wengine walisema ni masera mmoja mweusi aliyefichwa kwa sababu alimkataa askofu. Hadithi iliyoshinda ni ile ya mwanamke wa Bukavu. Mwanamke wa Bukavu alikuwa mrefu, alipanda baisikeli, alivuta sigara, na Wazungu walimtumia nguo kutoka Ulaya. Nilisikia habari zake sokoni, mbele ya dada yangu aliyeshika kikapu cha viazi, kikwembe kimepauka, miguu imejaa vumbi. Dada alimsikiliza msemaji mpaka mwisho, akamuuliza kama huyo mwanamke ameolewa.

"Aolewe na nani?" yule mtu akajibu. "Mwanamuke wa namna ile!"

Padiri alipoona mambo yanakwenda vizuri, akaanza kutupakia kwenye kamioneti pamoja na mashine na masera mmoja wa kutuchunga. Tulikwenda Sake, tukaenda Rutshuru, na mara moja tulifika hadi Vitshumbi kwa wavuvi. Sitaisahau Vitshumbi. Ilinuka samaki mpaka mkate ukanuka samaki, na makorongo, wale ndege wenye vichwa vya upara, walitembea katikati ya watu kama watoza kodi. Wale wavuvi walikataa Nungunungu aanze. Wimbo ukiisha wanapiga kelele urudiwe. Ukirudiwa wanataka tena. Mwishowe kijana mmoja akainua pembe ya shuka ili amwone mwimbaji, na padiri akamfukuza kwa kofia yake, mbio, kanzu mkononi, huku Nungunungu akiendelea kuiba viazi bila mtu wa kumwangalia.

Tulirudi na makayabo, samaki wa chumvi, wa kutosha mtaa mzima. Dada alicheka njia nzima. Karibu na Rutshuru akaniuliza:

"Unafikiri, kama bangeniona, bangenipenda vile?"

"Bangekupenda zaidi."

"Siku moja nitatoka mbele ya shuka. Nitaimba vile banione, njo bajue ni mimi."

Hakusema kwa mzaha. Alikwisha kumwomba padiri, na padiri alikwisha kukubali: siku ya Noeli, mkanda wa mwisho ukifika, atatoka mbele, ataimba wimbo wote akiwa amesimama kwenye mwanga, na padiri mwenyewe atasema huyu ni binti wa nani. Mama hakuambiwa. Mimi niliambiwa, na tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kuingojea Noeli. Tulichagua hata kikwembe.

Kabla Noeli haijafika, walikuja watu kutoka Masisi.

Walikuwa wafugaji, watu wa kanisa, wenye heshima zao. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, meno mazuri, mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Dada alimpenda, nisimzulie uongo marehemu. Alimpenda kuanzia siku ile alipoangusha kikombe cha maziwa akaomba samahani kwa kikombe. Tatizo halikuwa kijana, lilikuwa mama yake.

Namwita tatizo, lakini alikuwa mwanamke wa kupendeza. Mnene, mcheshi, alikaa kwenye kiti cha baba bila kuambiwa, na wakati wanaume wanazungushana maneno ya posa yeye alikuwa anatikisa mguu na kuimba chini chini. Nungunungu anakuya. Alikuwa ameisikia Sake, mara mbili. Akamwambia mama habari za ile sauti, jinsi nywele zilivyomsimama. Mama yangu akatabasamu, na nikamwona anafungua mdomo. Nina hakika alitaka kusema. Hapo yule mama akaendelea:

"Lakini nilijiuliza, mama yake yule mutoto alikuwa wapi? Sauti ya binti ni ya nyumba yake. Hii inasikiwa na kila mulevi, kila dereva. Mimi naipenda, kabisa. Lakini kumuweka mutu wa vile mu nyumba yangu? Jamani, Mungu anisamehe."

Mama akafunga mdomo. Akamwongezea maziwa.

Usiku ule baba alitaka waambiwe ukweli. Mama akasema haiwezekani, mtu ameshakaa kwenye kiti chako na ameshacheka na wewe, utamwambiaje? "Mimi sikudanganya mutu," alisema. "Hawakuniuliza." Baba akaenda kumwomba padiri asiseme lolote, na padiri akaahidi. Padiri alikuwa mtu mwema, na watu wema hunichosha: wanaahidi kila mtu. Alikuwa amemwahidi dada mwanga wa Noeli, sasa akamwahidi baba giza, na zote mbili aliziahidi kwa moyo mweupe.

Dada alilia siku moja tu. Mama akakaa naye kitandani, akamshika kisogo kama mtoto.

"Haitapotea," mama alimwambia. "Ukishazaa, utaimbia batoto bako mu nyumba yako. Nani atakukataza?"

Noeli ilipofika dada alikuwa Masisi tayari, bibi arusi. Na mimi nilikuwa naye.

Kwetu sisi wa Kinyarwanda, bibi arusi akifika kwa mume haonekani. Anakaa ndani, nyuma ya pazia la mikeka, anakunywa maziwa na kupakwa siagi, hafanyi kazi, hatoki mchana, hasikiki. Watu wa uani hawapaswi kujua hata kama anapiga chafya. Atakaa hivyo mpaka watu wa kwao waje na zawadi na nyimbo kumfunua, ndipo anakuwa mke wa nyumba. Na kwa sababu upweke ni mkubwa, anapewa msichana wa kwao akae naye. Kwa hiyo nilitoka nyuma ya shuka moja nikaingia nyuma ya nyingine. Nilimwambia dada hivyo, nikidhani atacheka.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, misioni ndogo ilikuwa chini yake, karibu kiasi kwamba ulisikia kengele kama iko mlangoni. Siku chache baada ya Noeli tukasikia kamioneti. Nilimjua padiri kwa kikohozi chake. Halafu nguzo zikasimamishwa, na giza lilipoingia ile mashine ya umeme ikaanza kunguruma kule chini, na kilima kizima kikateremka kwenda kuangalia. Nyumbani tulibaki sisi wawili, na mama mkwe, ambaye mguu ulikuwa umemvimba, na jirani mmoja aliyebaki kumchekesha. Walikaa uani. Kati yetu na wao kulikuwa na mikeka tu.

Padiri alitimiza ahadi yake. Hakumtafuta dada. Alikuwa amekusanya wavulana wa shule ya misioni na kuwafundisha wimbo, maskini, nao wakauimba kwa sauti za malaika, taratibu, kama vile Nungunungu anakuja kubatizwa. Hawajafika kwenye mishale, watu wakaanza kuguna. Kisha wakaanza kupiga kelele. Tuliwasikia vizuri kabisa.

"Hapana! Si yeye! Si yeye!"

Halafu wote kwa pamoja, wanaume, wanawake, watoto, kilima chote:

"Sauti! Sauti! Sauti!"

Dada alikuwa amekaa kwenye kitanda, mgongo wima, siagi inang'aa kwenye mabega. Nilisogea nikamwegemea mbavuni kama zamani. Na nikaisikia ile pumzi. Aliivuta yote, mpaka mbavu zikafunguka chini ya shavu langu, na mimi nikafumba macho. Nilitaka aimbe. Nasema waziwazi, nilitaka apasue ile mikeka, asikike mpaka kule chini, posa ivunjike, ng'ombe warudi, mama aaibike, turudi nyumbani kwetu kwenye mawe. Nilikuwa mtoto, na watoto hawana huruma na mipango ya watu.

Aliishika ile pumzi kwa muda mrefu. Uani mama mkwe akasema, kwa huzuni ya kweli, "Leo banatuletea picha bila ya yule mwanamuke. Masikini siye."

Dada akaitoa pumzi taratibu, puani, bila mlio wowote.

Baadaye kelele zilipoisha, mama mkwe aliingia kwetu akichechemea. Alituletea maziwa mwenyewe, jambo ambalo mama mkwe hana lazima kulifanya. Akakaa sakafuni, akashika mguu wa dada akausugua.

"Umesikia fujo, mutoto wangu? Usiogope. Balitaka ile sauti ya Goma. Weye unatoka Goma, hukuisikia hata siku moja?"

Dada akatikisa kichwa.

"Hukuwa na bahati. Nitakuambia vile iko." Na akamweleza. Alimweleza dada yangu sauti ya dada yangu, vile inavyokwaruza mwanzoni, vile inavyozama, vile ukiisikia unakumbuka watu waliokufa. Alimweleza pia sinema, jinsi Nungunungu anavyotokea kulia na gunia lake. "Kushoto," dada akasema, ghafla, kwa sauti ndogo. Mama mkwe akaacha kusugua.

"Kulia, mama," akasema mama mkwe kwa upole. "Mimi niliona. Siku moja itarudi, na utaisikia weye mwenyewe."

"Ndiyo, mama," akasema dada.

Alifunuliwa mwezi uliofuata, kwa nyimbo za wengine. Mimi nikarudishwa Goma. Padiri naye alirudishwa kwao kwa ajili ya mapafu, mikanda ya Nungunungu ikala ukungu kwenye sanduku la misioni, na padiri mpya akaja na sinema zinazoimba zenyewe kwa Kifaransa. Watu wa Goma walimlilia mwanamke wa Bukavu kwa muda. Halafu wakasema ameolewa na Mzungu na amekwenda Ulaya. Mwisho wakasahau kumsema, wimbo tu ndio ukabaki, umekatikakatika, midomoni mwa watoto.

Nilikuwa nikienda Masisi kila dada anapojifungua. Mara ya kwanza nilimuuliza mbona hakusema, sasa ni mke wa nyumba, ana mtoto wa kiume mgongoni, nani atamrudisha? Alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Akasema alingoja siku nzuri ya kusema, na siku nzuri haikufika. Sasa akisema, watauliza kwa nini alinyamaza, na itakuwa amewadanganya miaka yote hiyo, yeye na mama na baba na padiri. Mume wake alikuwa hajui pia. "Na mama ananipenda," aliongeza. Hilo lilikuwa kweli. Mama mkwe alimpenda dada yangu kuliko binti zake, alimgawia nyama ya kwanza, alimtetea kwa wanaume. Nilimchukia yule mama kwa upendo wake.

Na wale watoto ambao mama yangu alisema wataimbiwa? Waliimbiwa na bibi yao. Ndiye aliyewafundisha Nungunungu, jioni, kwenye moto, na aliufundisha vibaya. Mstari wa tatu aliupandisha mahali unapotakiwa kushuka, na mbuzi aliwaweka kabla ya mbwa. Nilimwangalia dada upande wa pili wa moto. Alikuwa akimenya viazi. Kijana wake mkubwa akamwambia, "Mama, na weye imba," kisha akajijibu mwenyewe, "Mama hayui kuimba," na wote wakacheka, dada naye.

Mara ya mwisho ilikuwa karibu na Uhuru. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, na mama mkwe alikuwa anakufa. Mguu ule uliokuwa ukimvimba ulikuwa umepanda mpaka moyoni, ndivyo muuguzi wa misioni alivyosema. Walimlaza kwenye chumba kile kile cha nyuma ya mikeka. Alikuwa amepungua akabaki ngozi, ila ucheshi haukupungua. Aliniita mlinzi.

Alasiri moja alimwita mjukuu wake amwimbie. Kijana akaimba, kwa kelele, vile alivyofundishwa. Mgonjwa akatikisa kichwa juu ya mto.

"Si vile," akasema. "Ni mimi nilikufundisha vibaya. Nimesahau vile ilikuwa. Ee Mungu, kama ningeisikia mara moja tu, ile ya kweli."

Dada na mimi tulikuwa mlangoni na ungo wa maharagi. Aliuweka chini. Alijifuta mikono kwenye kikwembe, mbele na nyuma, akaingia, akakaa chini pembeni ya kitanda. Hakuniangalia. Akavuta pumzi.

Mimi nilikuwa nimekaa mbavuni mwa sauti ile siku zote za shuka, na naapa mbele ya Mungu ilikuwa ile ile. Mkwaruzo ulikuwepo. Ilizama pale inapozama. Labda ilikuwa nzito kidogo zaidi, labda pumzi haikufika mbali kama zamani, mtu aliyezaa watatu. Aliimba mbwa kabla ya mbuzi, aliimba mishale, akateremka kwenye upinde kama anavyoteremka mtu anayejua ngazi za nyumba yake. Kijana wake alibaki mdomo wazi. Kuku uani walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia. Nililia bila kujificha.

Mama mkwe alisikiliza macho yamefumbwa mpaka mwisho. Kisha akapapasa akaupata mkono wa dada.

"Aksanti, mutoto wangu. Umejaribu muzuri. Kumbe na weye unajua kuimba." Akapumzika kidogo. "Lakini si yeye. Yule alikuwa na sauti."

Hapo nilishindwa. Nilipiga kelele, mimi mgeni, mbele ya mgonjwa. "Ni yeye, mama! Ni yeye mwenyewe! Nilikuwa naye nyuma ya shuka, Sake, Vitshumbi, kila fasi! Ni yeye!"

Mama mkwe akafungua macho akaniangalia kwa huruma. Akatabasamu, akamgeukia dada.

"Usimugombeze," akamwambia. "Anakupenda sana, dada yako."

Nilimwangalia dada. Ilitosha aseme neno moja. Mgonjwa alikuwa amemshika mkono, mtoto wake alikuwa anamwangalia, mume wake alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu kwa sababu ya kelele zangu. Sisi sote tulikuwa mbele yake, na hapakuwa na shuka.

"Ndiyo, mama," akasema dada. "Ananipenda."

Alimfunika mgonjwa miguu, akamnywesha maji, akatoka. Tulikaa tena mlangoni, akavuta ungo karibu, akaendelea kutoa vijiwe kwenye maharagi.